Mashuka Mawili Kwenye Kamba ya Chala

Sikubali. Tangu utotoni nimeambiwa kwamba habari ikishatoka mkononi mwako lazima iharibike njiani, na kwamba mtu mwenye akili huzoea hali hiyo kama anavyozoea vumbi. Mimi sikuizoea, na sitaizoea.

Miaka ile simu za mkononi zilipokuwa zimeshaenea Sumbawanga, nilikaa stendi karibu siku nzima na binti aliyekuwa akisoma fizikia chuo kikuu. Basi letu lilikuwa limefunguliwa injini, na fundi alikuwa chini yake anapiga mluzi, jambo ambalo si dalili nzuri. Nikamuuliza anasoma nini hasa. Shule niliiacha darasa la tano, kuuliza sikuacha.

"Ni vigumu kueleza, baba."

"Eleza tu. Gari lenyewe si unaliona?"

Akaeleza. Kuna watu wanatuma habari kwa chembe za mwanga, moja moja. Chembe hizo ni dhaifu ajabu: ukiichungulia tu umeshaibadilisha, na njiani zinasukwasukwa mpaka anayepokea hajui kama alichopata ndicho kilichotumwa. Swali lao ni kama inawezekana kutuma kwa njia mbovu namna hiyo bila kosa. Si kwa makosa machache. Bila kosa hata moja.

"Inawezekana," nikasema. "Unaacha alama zinazofanana. Unabaki na zile ambazo njia haiwezi kuzichanganya."

Akanigeukia. "Hapo ndipo tunapoanzia na sisi. Ulikuwa fundi redio?"

"Nilikuwa mfua mashuka."

Nilifua mashuka Chala, kwenye gesti ya barabarani, baada ya kubeba magunia Sumbawanga hadi mgongo ukanigomea. Ilikuwa ile miaka serikali ilipoachia biashara ya mazao. Zamani ulikuja ushirika peke yake. Sasa walikuja matajiri na malori yao, kila mmoja na bei yake, na wengi walilala kwenye gesti yetu. Baadhi walikuja na mizani. Wengine walikuja na lumbesa, yaani gunia linalojazwa hadi mdomoni, kisha linaongezwa shingo ya wavu na kujazwa tena, halafu linalipwa kama gunia moja tu.

Dada yangu, mjane, alilima mahindi na ulezi kwenye kilima kinachotazamana na gesti. Mazao yake yalishuka barabarani kwa mkokoteni wa jirani yake, Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe zake. Na hapo ndipo wanunuzi walipotushika. Magunia yakishafika barabarani hakuna anayeyarudisha mlimani. Ng'ombe wamechoka, na jioni baridi ya Ufipa haina huruma na mtu anayelala nje akilinda mazao. Tajiri wa lumbesa alijua hivyo. Alisubiri mkokoteni ufike ndipo atoe magunia yake yenye shingo.

Mwaka mmoja dada alijaziwa lumbesa mazao yake yote. Akaapa mbele yangu: "Yule mtu hatakula tena jasho langu. Wala la huu mlima."

Ndipo nikawaza mashuka. Gesti ilikuwa na ya rangi tano: nyeupe, njano, nyekundu, kahawia na bluu. Kamba yangu ya kuanikia ilionekana vizuri kutoka kwa dada. Tukakubaliana kila rangi iwe na maana yake. Nyeupe: hakuna lori. Njano: lori la mahindi, lenye mizani. Nyekundu: lori la ulezi. Kahawia: la maharage. Bluu: lumbesa yupo, usishuke, na uwazuie wenzako.

Tulisahau moshi. Baada ya mavuno watu wa kwetu huchoma mashamba na majani, na bonde lote hujaa ukungu wa rangi ya majivu. Asubuhi moja nilianika bluu. Ilikuwa imepauka kwa jua, na kwenye moshi ule dada akaiona nyeupe. Akajua hakuna lori, akaendelea kupura ulezi wake, hakumwonya mtu. Majirani wawili wakashuka na mikokoteni, wakajaziwa lumbesa mbele ya macho yangu.

Jioni dada alikuja kunisuta kwa Kifipa, kisha akamalizia kwa Kiswahili ili mama mwenye gesti naye asikie: "Huyu ndiye mwenye akili nyingi! Bora ningemtazama kunguru."

Nikakaa kilimani kwake siku ya mapumziko, mama mwenye gesti akianika mwenyewe, nikachunguza moshi unavyodanganya. Haukudanganya ovyo. Nyeupe ilifanana na njano kwa sababu ya vumbi. Njano ilifanana na nyekundu jua likiwa chini. Nyekundu na kahawia zilifanana, kahawia na bluu pia, na bluu iliyopauka ikarudi kwenye nyeupe. Rangi zilishikana mikono kama watoto wanaocheza mduara, kila moja ikichanganywa na jirani zake wa pembeni tu.

Kwa hiyo rangi za kuaminika kwa pamoja zilikuwa mbili tu zisizopakana, tuseme nyeupe na nyekundu. Habari mbili. Nikianika mashuka mawili, la kushoto na la kulia, ni habari nne. Zetu zilikuwa tano.

"Acha maharage," alishauri Msukuma. "Nani analia kwa ajili ya maharage?"

"Wanaoyalima," dada akamjibu. "Wewe endelea na ng'ombe zako, shemeji."

"Basi acha lumbesa. Watu watajionea wenyewe wakifika."

Dada aliniangalia mimi.

Nilikata vitambaa vidogo vya rangi zile, nikavipanga sakafuni siku nyingi. Kila mtu aliniambia nne ndiyo mwisho. Nilichukia neno hilo, mwisho. Siku moja nikazirudisha rangi zote tano, hata zile za uongo, nikazianika mbilimbili hivi: shuka la kushoto lilipopiga hatua moja kwenye mduara, la kulia lilipiga mbili. Nyeupe na nyeupe. Njano na nyekundu. Nyekundu na bluu. Kahawia na njano. Bluu na kahawia. Zikawa habari tano, la kushoto likibaki na maana yake ya zamani, na kila nilipolinganisha mbili nilikuta jambo lilelile: pale ambapo shuka moja linaweza kukudanganya, jingine haliwezi.

Binti wa stendi alichora mduara wangu nyuma ya tiketi yake, nukta tano zimeunganishwa, akasema umbo hilo wanalifahamu sana. Akaniambia kuwa kwenye mwanga kuna ajabu kubwa zaidi: zipo njia mbili ambazo kila moja, ukiitumia peke yake hata mara elfu, haiwezi kupitisha chochote bila uwezekano wa kosa, lakini ukizitumia kwa pamoja, habari inapita salama. Nikasema ni mashuka yangu hayo. Akasema hapana, yangu hata moja peke yake lilibeba kitu. Nilifurahi kusahihishwa. Nimeliwaza jambo hilo hadi leo, na bado linanizidi.

Lakini dada hakutaka ajabu. Nilipompelekea vitambaa aliuliza, "Umerudisha bluu? Ile ile?"

"Ile ile. Safari hii ina shahidi."

Alivishika muda mrefu, akivipitishia jicho huku na huku akitafuta kosa. Kisha akavifunga kwenye ncha ya khanga.

Tajiri wa lumbesa alirudi moshi ukiwa mzito kuliko siku zote. Asubuhi alikunywa chai uani, chini ya kamba yangu. Nikatandua kitanda chake, na bahati ilikuwa upande wangu: alilalia la bluu. Nikalifua, nikalianika kushoto. Kulia nikaweka kahawia.

"Mshikaji, unanidondoshea maji," akasema.

"Samahani, bosi. Yatakauka."

Akasubiri. Utingo wake akapanga magunia yenye shingo kando ya lori. Jua likapanda, barabara ya mlimani ikabaki tupu. Mchana akaniuliza, "Hawa watu wa huku hawavuni?"

"Wanavuna, bosi."

"Wako wapi?"

Nikainua mabega. Sikujua kama dada ameiona kamba au amekosea tena. Nilichojua ni kwamba hakuna mkokoteni.

Alasiri akaonekana mtu mmoja anashuka, bila ng'ombe, bila gunia. Alikuwa dada. Alipita mbele ya lori, akasimama mbele ya tajiri.

"Habari za mchana, bwana. Umekuja na mizani?"

"Mizani ya nini? Leteni mzigo tuongee."

"Mzigo upo juu. Utashuka ukiona mizani."

Tajiri akatazama kilima, akanitazama mimi, akatazama utingo wake. Kamba hakuitazama. Akawasha lori, akaondoka tupu kuelekea kijiji cha Kate.

Dada akaingia uani, akashika ncha ya shuka la bluu.

"Hili nililiona jeupe," akasema.

"Na la kulia?"

"La kulia lilikuwa jeusi tii, na siku isiyo na lori lingekuwa jeupe. Ndiyo maana nilikimbia nyumba kwa nyumba."