Alama Chini ya Chungu

Siku ya kwanza mchuuzi wa vyombo alipofika kwa mfinyanzi, alimkuta ameketi nyuma ya nyumba, udongo umempanda hadi viwikoni, na mama huyo hakunyanyuka. Sokoni mchuuzi alijulikana kwa jina la Punguza, maana hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza, kiwe msumari au gari. Alianza na mbinu zake za kila siku: akalaani ubovu wa njia, akashika chungu kimoja, akakikunjia uso kama kina ugonjwa. Mama alimwacha amalize. Kisha akamwambia bei ni ileile, ila kila chungu kinaondoka na dhamana yake.

Dhamana yenyewe ilikuwa chini, kwenye kitako. Wafinyanzi wa bonde lile hukwaruza alama kwa mwiba kabla chungu hakijakauka. Nukta ni mwezi, mistari ni kina cha shimo: mmoja ni udongo wa juu, miwili wa katikati, mitatu ule wa chini kabisa, laini, wa kufinyangia mitungi mikubwa. Chungu kikiharibika, mfinyanzi anasoma alama na kujua achimbe wapi na aache wapi.

"Kikipasuka nirudishie," alisema. "Alama itaniambia kosa ni langu au ni la mpishi wako."

Punguza akalipa, akijipa moyo kwamba amelegeza mara hiyo moja tu ili apate mlango. Akalegeza miaka kumi na moja.

Mwaka wa kumi na mbili mitungi ikaanza kurudi. Ilibanduka magamba, ikavunjika kama biskuti, na ndani ya kuta zake ilikuwa myeusi kama mkaa. Punguza alikwenda kulalamika, akamshutumu mama wa watu kwamba anawashia mafuta ya taa ili kubana kuni. Mama naye akamgeukia mkamwana wake, aliyesimamia moto, akamwambia amechanganya kuni na mifuko ya nailoni. Mkamwana akaapa, akanuna, akapika wiki nzima bila kusema neno. Wakabadilisha kuni mara mbili. Udongo wenyewe haukushukiwa na mtu, na alama za vitako hazikusomwa. Bibi zao walikuwa wameuchimba, na ulikuwa haujawahi kumwaibisha yeyote. Punguza akairundika mitungi mibovu nyuma ya stoo yake, ikisubiri siku ya kugombana vizuri juu ya nani abebe hasara.

Mwezi wa nane mafuta yakatokeza juu ya ardhi. Bomba la kampuni ya mafuta lilipita kwenye mteremko, limefukiwa, juu kidogo ya mashimo ya udongo. Asubuhi moja kijito kilikuwa kimetandwa na utando wa rangi saba na mbuzi wakakataa kunywa. Kampuni ikaleta magari, ikazungushia utepe mahali penyewe, ikaweka mlinzi. Mwandishi wa habari alikuja ndani ya gari la kampuni. Akapiga picha ya madumu matatu yaliyokuwa yakingoja zamu bombani, bomba la maji, akaondoka bila kumuuliza mtu hata njia. Siku tatu mfululizo redio ikatangaza kwamba wanakijiji wametoboa bomba Jumapili usiku ili waibe mafuta, na kwamba kilichomwagika ni kidogo na kimedhibitiwa.

Kilichobaki ni fomu. Ilitaka sahihi ya anayetumia eneo, na mashimo yale kwa kumbukumbu zote yalikuwa ya mfinyanzi. Kwenye fomu, chanzo kilikuwa hujuma. Akitia sahihi, mashimo yanajazwa kifusi, faili linafungwa, na kazi ya maisha yake inazikwa kwa mkono wake. Mama akakataa. Afisa wa kampuni, kijana mwenye buti ambazo hazijaonja tope, aliulizia ni nani anayemuweza, akaambiwa yuko mchuuzi anayefanya naye biashara miaka nenda miaka rudi. Akamwendea Punguza dukani. Hakusema rushwa. Alisema kampuni inataka kugawia kijiji ndoo mia nne za plastiki, na ingependa kuzinunua kwa mtu anayeaminika. Punguza akasema yeye anaaminika sana.

Kesho yake wakakaa sebuleni kwa mama, kwenye viti vyenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Afisa alizungumza kwa upole, akamwita bibi mara nyingi kuliko wajukuu zake. Alimsifu kwa uzalendo, akaahidi mafunzo ya ujasiriamali. Punguza akaongeza yake: kwamba fomu ni karatasi tu, kwamba mwenye nguvu mpishe, na kwamba ndoo hazikumkosea mtu. Alisikia mwenyewe maneno yake yanavyoteleza. Alikuwa akimpaka mama mafuta kwa mgongo wa chupa, na mama alikuwa anamtazama kama anavyotazama chungu chenye ufa.

"Mwanangu," mama akamwambia afisa, "mwizi anatoboa bomba juu au chini?"

Afisa alicheka kidogo. Juu, bila shaka, nani atachimba handaki.

"Na mafuta yakitoka juu, yatalowesha udongo upi kwanza?"

Wa juu, alikubali afisa, na hakuona tatizo lolote.

Mama akamgeukia Punguza. "Ile mitungi iliyonigombanisha na mkamwana wangu, bado unayo? Kaniletee yote. Uisome vitako hapa, mbele ya mgeni."

Mchuuzi aliinuka taratibu. Hakuna aliyemwona akipiga hesabu, lakini alizipiga. Ndoo anauza mara moja. Mfinyanzi asiye na udongo hauzi kabisa, na hasara ya mitungi mibovu, kama si kosa la mama, ina mwenyewe mwingine mwenye mfuko mnene. Akawasha gari. Aliporudi, uwanja ulikuwa umejaa watu.

Alisoma mmoja mmoja kwa sauti ya mnadani. Nukta tatu, mistari mitatu: mwezi wa tatu, udongo wa chini kabisa. Mama akaugonga kwa mchi, mtungi ukaonyesha moyo mweusi. Nukta tano, mistari miwili: mweusi. Nukta tano, mstari mmoja, chungu kizima ambacho mama alikitoa jikoni kwake ili kulinganisha: chekundu safi. Udongo wa juu ulikuja kuharibika mwezi wa saba. Mafuta yalikuwa yamepanda kutoka chini miezi mitano kabla ya Jumapili ya redio. Wanaume wawili wakashuka shimoni, wakatoa donge la chini, wakampa afisa anuse. Alinusa, akafuta mikono kwenye suruali.

"Hivi si vipimo vya kitaalamu, bibi."

"Basi leta vyako. Bomba linalovuja kwa chini limeoza, halikutobolewa. Chimba chini yake, sisi tupo tunatazama. Wizi umetupa kwa redio nzima. Kutu tupe japo kwa kalamu."

Hakuna aliyeondoka. Siku mbili walikaa kwa zamu kando ya utepe, hata mkamwana, ambaye sasa alikuwa na mengi ya kusema. Siku ya tatu mafundi walichimba. Tumbo la bomba lilikuwa limeliwa na kutu, upana wa kiganja.

Fomu ikaandikwa upya. Mama hakutia sahihi mpaka aliposomewa kila mstari, na alidai nakala yenye muhuri. Redio ilisema habari hiyo mara moja, katikati ya matangazo ya vifo.

Kampuni ililipa mitungi yote iliyoharibika, na fungu la Punguza lilikuwemo. Ndoo zilinunuliwa kwa mshindani wake, na hadi leo hakuna afisa aliyekanyaga tena dukani kwake. Mashimo yalifungwa hata hivyo. Wapimaji walisema udongo ule hautafaa kwa miaka ishirini. Mama anachimba ng'ambo ya kilima, udongo mkavu usiokubali mtungi mkubwa, anafinyanga majiko.

Punguza alimuuliza siku moja, wakipakia majiko, alipata nini basi kwa kukataa ile fomu ya kwanza.

"Udongo ungekufa, nitie sahihi nisitie," alisema mama. "Tofauti ni kwamba ningetia, wangeandika nimeuua mimi. Shika huku, usije ukaliangusha."