Enid na Mteja Wake wa Mwisho

Enid Thurlow alizaliwa ghorofani, juu ya baa aliyoiendesha baba yake, katika kijiji chetu cha Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Nyumba ile ina zaidi ya miaka mia nne: mifupa ya mbao ngumu za mwaloni, katikati fito na udongo, juu chokaa. Akiwa na miaka kumi na minane alikuwa akimmiminia bia seremala mmoja mrefu, Cyril, ambaye kila Ijumaa alijigonga kichwa kwenye boriti ileile na kudai boriti ndiyo iliyomfuata. Wakaoana.

Baa ilipofungwa, waliinunua nyumba ile wakahamia. Cyril alipobandua mbao za ukutani alikuta nguzo kuu ilikatwa zamani ili kaunta ipate nafasi. Ghorofa nzima ilikuwa inaning'inia. Alitafuta mwaloni, akauchonga nguzo mpya ukiwa mbichi, akaingiza ncha ya nguzo, aliyoichonga kama ulimi, kwenye tundu la boriti na kuikaza kwa vigingi vya mbao, bila msumari hata mmoja wa chuma. Kazi ilimchukua majira mawili ya baridi. Waliishi humo miaka arobaini na tisa. Hawakujaliwa mtoto.

Halafu kumbukumbu za Cyril zikaanza kumtoka. Kwanza majina yetu majirani, kisha miaka. Asubuhi moja aliketi karibu na meko, akaagiza bia. Enid alimweleza kwamba baa ilishafungwa. Cyril akakasirika sana. Kesho yake hakumweleza tena. Alivaa aproni, akamletea chai baridi kwenye glasi ya bia.

"Mama, bia yako umeitia maji," Cyril akamtania.

"Asiyeitaka aende kwingine," Enid akajibu, kama marehemu baba yake alivyokuwa akiwajibu wateja.

Ikawa hivyo kila siku. Siku moja nilikuwepo, nimewapelekea mayai. Cyril alikuwa akiipapasa ile nguzo, akifuatisha kiungo kwa kidole gumba. Akasema aliyeichonga alikuwa fundi kwelikweli, akauliza ni nani.

"Mume wangu," Enid akasema.

"Mwambie namsifu."

Enid akaenda jikoni. Nilimkuta ameshika sinki kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka bila sauti.

Kila jioni Cyril alitaka kuondoka, akisema mkewe anamngoja na chakula. Alitoroka mara tatu. Mara ya tatu alianguka barabarani akavunjika nyonga. Daktari akamwambia Enid, mwenye miaka themanini na moja, kwamba peke yake hataweza tena. Ikapatikana nafasi katika makao ya wazee mjini.

Gari lilikuja saa nne asubuhi. Cyril alikuwa na furaha, akidhani anarudishwa kwake. Enid alipoinama kumbusu, alimzuia kwa adabu.

"Usinikasirikie, mama. Mimi nimeoa, na mke wangu nampenda."

"Najua," Enid akasema. "Nenda, anakusubiri."

Cyril aliishi kule wiki tano tu kabla ya kufariki. Enid alikwenda kila siku, na kila siku Cyril alimwamkia kama mgeni, akimuuliza kama njiani hakukutana na mkewe.