Mibuni Miwili ya Kaburini

Mdudu aliyetumaliza ni mdogo kuliko kichwa cha kiberiti. Anatoboa tunda la kahawa kwenye kitako, anaingia, anataga, na watoto wake wanaila buni kutoka ndani huku nje tunda likiwa jekundu, la kuvutia. Namchukia kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu.

Shamba letu liko mlimani juu ya Bwera, na mama hana kingine cha kumlisha. Baba tulimzika humo humo, kati ya mibuni miwili. Siku ya mazishi nilisimama, mimi kifungua mimba, nikatangaza kwamba matunda ya mibuni ile hayatachumwa kamwe. Ni ya mzee. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilijiona mwana wa maana, kisha nikarudi zangu Kasese kwenye kazi ya ofisini.

Msimu baada ya msimu matunda yale yalikaukia mtini, mengine yakaanguka juu ya kaburi. Nikija likizo nilifurahi kuona neno langu linaheshimiwa.

Mwaka huu nilimsindikiza mama na magunia yake hadi mjini, kwa mnunuzi aliyetoka Butembo, ng’ambo ya mpaka, ambaye tumemuuzia miaka mingi. Alivunja tunda moja kavu, la pili, la tatu. Ndani unga mtupu.

“Mama, hii iko vumbi tu,” alisema kwa upole. “Iko miti munaacha bila kuvuna? Badudu banazalaka mule.”

 Tulirudisha magunia yote nyumbani. Njiani nilimfokea, nikamuuliza alikuwa wapi mambo yakiharibika.

“Matundu niliyaona tangu mwaka wa kwanza,” akasema. “Lakini wewe ulisema mbele ya watu. Nikupinge juu ya kaburi la baba yako?”

Nilitamani ardhi inimeze.

Asubuhi yake nilipiga magoti kaburini nikaokota tunda moja moja, na mama akachemsha maji ya kuyaulia yale madudu. Sufuria ilipojaa nikaenda kukagua shamba lililobaki. Kila mti nilioushika, matunda yake yalikuwa yametobolewa. Kuchemsha hakukuwa na maana tena, lakini mama aliendelea kuchochea moto, kwa kuwa sikuwa nimemwambia aache.