Alichomwambia Wakala

Shemeji yangu Maganga alikuwa mkweli kupita kiasi, na ukweli wake ulitugharimu sote tuliomzunguka. Akipeleka dume la ng'ombe mnadani, kabla hajaulizwa bei alikuwa keshamvuta dalali pembeni: huyu hukohoa masika, huyu aliwahi kuvunjika mguu. Hivyo ndivyo alivyolelewa kuuza. Dalali ni wako, unamwambia kilema chote ili amtafute mnunuzi ambaye kilema hicho hakimsumbui, na kwa wengine anafunga mdomo. Dalali akivujisha, hakuna atakayempa tena ng'ombe. Maganga alizeeka ndani ya utaratibu huo, akadhani dunia nzima inaufuata.

Klara, mkewe, ni dada yangu. Mimi nilikuwa fundi baiskeli hapa Nyasubi, Kahama, na mtoto wao Donatus alilala kwangu kwa sababu alichezea timu ya mtaa wetu. Alikuwa mshambuliaji. Nisimsifu sana maana ni mpwa wangu, lakini mabeki wakimwona walianza kugombana wao kwa wao. Na alikuwa na kifafa. Utotoni kilimwangusha jikoni, mkono wa kushoto ukaungua. Akimeza vidonge vya hospitali ya misheni kila siku, anakaa salama, akivikosa, anaanguka. Tulilijua jambo hilo wazazi wake, mimi na yeye mwenyewe. Kwetu mwenye kifafa hapewi mke, na akianguka watu humkimbia wakiogopa kuambukizwa.

Mwaka tisini na nne akaja Onesmo. Viatu vyeupe katika vumbi la Kahama. Mimi ningemfukuza kwa hilo tu. Alisema ni wakala wa wachezaji na kwamba kuna timu kubwa Mwanza inamtaka Donatus. Nikampeleka kijijini kwa wazazi.

"Wakala ndiye nani?" Maganga akamuuliza.

"Ni kama dalali, mzee. Namtafutia kijana soko."

Uso wa shemeji ukang'aa. Hatimaye mtu wa mjini anaongea jambo linaloeleweka. Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya zizi. Klara, aliyekuwa akipepeta mtama, akaweka ungo chini.

"Anakwenda kumwambia," alisema.

Walirudi Onesmo akitabasamu. "Umefanya vema kunieleza, baba. Sasa nitajua namna ya kumlinda."

Alipoondoka, Klara alimgeukia mumewe. "Baba Dona, yule si wa mnada wetu. Akikuharibia utamshtaki kwa nani?"

"Dalali ni dalali," Maganga akajibu, akaenda kunywesha ng'ombe.

Donatus akaenda Mwanza, na msimu wa kwanza tulisikia jina la mtoto wetu redioni hadi majirani wakachoka nasi. Msimu wa pili Donatus alikuja kunitembelea amekonda, akaketi kwenye benchi langu la kazi akizungushazungusha bisibisi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani anakula chakula chako?"

Hakucheka. Akaniambia Onesmo alimkataza kwenda hospitali, kwamba akionekana kwenye foleni ya dawa ile amekwisha. Vidonge angemletea yeye. Kisha timu moja ya Dar es Salaam ikamfuata Donatus mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, na siku alipomweleza Onesmo, vidonge vikaanza kuchelewa.

"Aliniambia mdomo wake ndio mkataba wangu," alisema.

"Nenda hospitali mwenyewe."

"Atamwambia kocha. Na nikitolewa uwanjani, mjomba, mimi ni nani?"

Niliogopa. Nilimfuata Maganga, tukapanda basi hadi Shinyanga kwenye ofisi moja ya mambo ya mpira. Ofisa alikuwa mpole, akatukaribisha viti, akasikiliza yote.

"Wazee wangu, hatuna utaratibu wa mawakala. Yeyote anayeamka anaweza kujiita wakala. Hiyo siri aliiiba?"

"Hapana," Maganga akasema. "Nilimpa mimi."

"Basi hakuna sheria aliyoivunja."

"Hamwezi kumfukuza mnadani?"

Yule ofisa akanitazama mimi, kana kwamba nitamtafsiria. Tukaaga.

Timu ya Mwanza ilipokuja kucheza Shinyanga, tulikwenda kutazama. Wakati wachezaji wakipasha misuli, Donatus alisimama ghafla, akakodolea nyasi macho, mdomo ukimchezacheza upande mmoja. Ilipita. Hakuna aliyegundua isipokuwa sisi. Maganga akainuka akaelekea vyumba vya kubadilishia nguo. Mimi nyuma yake, nikimvuta koti. Ilikuwa kama kuvuta treni.

Alisema mbele ya wote: kocha, wachezaji, na Onesmo aliyeegemea mlango.

"Mwanangu ana kifafa, na mtu huyu anamcheleweshea dawa. Sasa mmejua wote. Hana tena cha kumtishia."

Onesmo akainua mabega, akatoka. Tangu siku hiyo hatujamwona. Kocha akamuuliza Donatus kama ni kweli. Mtoto alivua jezi, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Waliokuwa wameketi karibu naye walisogea.

Habari zilifika Kahama kabla yetu. Kule Donatus alikokuwa ametuma mshenga kuposa, wakarudisha ujumbe kwamba binti yao bado mdogo. Donatus hakusema na baba yake hata neno moja. Akarudi kulala kwangu, na asubuhi moja nikakuta godoro lake tupu. Alikuwa amekwenda Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako hakuna amjuaye.

Maganga alichukua vidonge hospitali ya misheni akaniomba nimsindikize. Tulimkuta mtoto mdomoni mwa shimo, kurunzi imefungwa kichwani. Baba yake akampa kifuko kwa siri. Donatus akamrudishia.

"Huku tunalala watu wengi hema moja. Wataniona nikimeza."

Ndipo akaja Masudi, mwenye shimo lile, mtu wa Tabora, mstaarabu. Alitusalimia kwa shikamoo, akatuagizia chai.

"Kijana wenu anajituma, baba. Ila mimi kabla sijamshusha mtu chini kabisa, huwauliza ndugu zake. Kuna jambo linalonipasa kulijua?"

Donatus aligeuka, akamtazama baba yake usoni kwa mara ya kwanza tangu Shinyanga.

Namjua shemeji yangu. Nilingoja amvute Masudi pembeni, na nilitamani sana afanye hivyo. Alipokawia, nikafungua mdomo mimi, akanikanyaga mguu.

"Hana tatizo," Maganga akasema.

"Asante, baba," akasema Donatus. Akashika kamba, akashuka, na vidonge vilikuwa mfukoni mwa koti la baba yake.