Waithera na Hisa Zisizomwacha Atulie

Asubuhi ile Waithera alishona mikono miwili ya kulia kwenye blauzi moja ya shule. Kilichomkosesha ni simu. Tangu aanze kununua hisa, fundi huyu wa nguo wa mtaa wa Matisi, Kitale, alikuwa hapitishi dakika kumi bila kuchungulia bei. Ikipanda, alinunua. Ikishuka, aliuza. Mara mbili aliuza kwa hasara, kisha akazinunua tena zilezile kwa bei ya juu. Sasa hisa zake za benki zilikuwa zimeshuka siku nne mfululizo.

"Uza bana, tununue ng'ombe," mumewe Wachira alisema. "Ng'ombe si unamwona?"

Waithera alikata uzi. Alifunika cherehani akaenda Bungoma kwa Agneta, waliyejifunza naye ushonaji, aliyemwonyesha njia ya hisa. Alimkuta anapima joho la kwaya.

"Mama Kim! Kwani nani amekufa?"

"Hisa zinashuka. Niuze?"

"Ulinunua za nini?"

"Karo ya Kim ya chuo."

"Na Kim ako gredi gani?"

"Ya tano."

Agneta alitoa pini mdomoni. "Sasa leo pesa unaitakia nini?"

Waithera akahesabu miaka kwa vidole.

"Hata mimi niliuza hivyo, nikalia," Agneta akasema. "Siku hizi nanunua kila tarehe tano, bei iwe juu ama chini. Ripoti ya kampuni ikitoka, nasoma. Basi."

"Na kampuni ikianguka?"

"Inaweza. Ndiyo maana sijaweka zote mahali pamoja."

Waithera alirudi Kitale bila kuuza, akafuta programu ya bei kwenye simu. Siku ya tatu akashindwa kuvumilia, akairudisha. Bei ilikuwa imeshuka tena. Akaifuta programu kwa mara ya pili. Tarehe tano ilipofika alinunua hisa kidogo, nusu za benki na nusu za kampuni nyingine. Mwezi uliofuata akanunua tena. Na uliofuata.

Desemba, Wachira akamuuliza, "Zile hisa zimepanda?"

"Sijui."

Alishtuka mwenyewe kusikia jibu hilo, maana lilikuwa la kweli. Papo hapo hamu ikamshika ya kujua, kali kama njaa. Akanyanyuka haraka, akaiacha simu mezani, akatoka nje kugeuza mahindi yaliyoanikwa, ingawa alikuwa ameyageuza muda mfupi uliopita.