Kijana wa Simu na Udongo Mweusi

Noeline Tranter, mfuga kondoo wa Wirrabilla, hakuwahi kumsamehe mtu aliyemdanganya mara moja, na wakala wa simu, kijana Kuhl, alimdanganya mara mbili.

Kwanza kwenye maonyesho ya kilimo, alipomtandazia ramani ya mtandao, shamba lake lote limepakwa kijani. "Mama, hata ukiwa bondeni unapiga!" Noeline akasaini. Miezi miwili baadaye pikipiki ya magurudumu manne ikampindukia mumewe, Merv, hukohuko bondeni. Alilala chini yake kwa muda wa saa saba, simu mkononi, mtandao hakuna. Mguu ukakatwa. Mara ya pili ni Noeline alipotaka kuvunja mkataba: Kuhl, aliyeapa kuwa kuvunja ni bure, akamtaka alipe dola mia tisa. Ati ada iko ukurasa wa kumi na moja, kwa herufi za sisimizi. Mia tisa! Kwa simu ya kupigilia misumari!

Hakugombana. Alisubiri mvua. Ilipokatika, kesho yake akampigia Kuhl kwa simu ya mezani, sauti asali tupu: "Mwanangu, majirani sita wanataka simu zako. Pita njia ya bondeni, ndiyo fupi."

Wenyeji wote wanajua njia ile haipitiki mpaka siku ya nne baada ya mvua: juu udongo mweusi umekauka, chini ni uji. Kuhl alijua kuhesabu wateja tu.

Saa nne asubuhi Noeline alimfikia kwa trekta. Gari limezama mpaka milangoni, kijana ana tope mapajani, simu kainyanyua juu.

"Afadhali umekuja, mama! Hapa hakuna mtandao kabisa!"

"Wacha we! Na ile ramani ya kijani?"

"Nivute tu, mama, nakuomba."

"Kuvuta ni bure. Mnyororo ndio una ada. Kwani hukusoma?"

Akamtolea karatasi: mkataba umefutwa, bila malipo. Kuhl alisaini juu ya boneti bila kusoma hata neno. Noeline akaikunja, akaitia kifuani, akawasha trekta. Mnyororo hakuugusa.

"Mama! Unaniacha?"

"Mume wangu alilala hapohapo ulipokanyaga." Akamrushia chupa ya maji. "Yeye hata hii hakuwa nayo. Nitarudi saa kumi na moja jioni."

Njia nzima roho yake ilikuwa kwatu. Merv alikuwa barazani, magongo kando.

"Yule kijana wa simu hajafika?"

"Kafika," Noeline alisema, akibandika birika. "Anatafuta mtandao."