Amplifaya Katika Sanduku la Jeshi

Baba alipoanza kuwa kiziwi, tulidhani anatudharau. Ujana wake aliumalizia chini ya ardhi huko Kasese, akitoboa mwamba wa shaba kwa keekee kubwa iliyosukumwa na upepo wa kompresa, na uzeeni masikio yakasusa. Ukimwita, kimya. Wajukuu wakilia, kimya. Lakini lori likipita barabarani, yeye ndiye wa kwanza kusema limebeba mzigo. Tulikuwa tukicheka, tukisema mzee anachagua cha kusikia.

Mama alipokufa aliacha kaseti moja. Ilirekodiwa kanisani, kwaya ikiimba, na mama ndiye anayeanzisha kila ubeti peke yake kabla wengine hawajadakia. Baba aliilalia chini ya mto. Kila nilipotoka Bwera, kwenye duka langu, kwenda kumwona huko Kasese, aliniomba nimchezee kwenye redio yangu ndogo ya kaseti. Nikipandisha sauti mpaka mwisho, anajiziba masikio. Nyumbani tulisema Lhukonzo, lakini ugonjwa ulipomshika alirudi kwenye Kiswahili alichojifunza mgodini.

"Inakwaruza," alisema. "Hii hapana mama yako. Hii ni bati."

Akalia, na mimi nikalia kwa hasira. Ufundi wangu ni redio. Bwera nzima wananiletea zao, na ya baba yangu mwenyewe ikanishinda. Miguu yake ilikuwa imevimba, na daktari alishatuambia tumrudishe nyumbani. Alichotaka ni kumsikia mama mara moja tu kabla hajaenda.

Ndipo nikaamua kumtengenezea amplifaya ya valvu, zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani. Zina joto kama pasi, lakini ukizipandisha hazikwaruzi upesi. Sauti inabaki nene. Nilizipata mpakani Mpondwe, kwa mama mmoja wa Butembo, upande wa Kongo, aliyeuza vyuma chakavu karibu na forodha. Alikuwa na redio kubwa ambayo mbao zake zililiwa na mchwa, ila transfoma yake ilikuwa hai bado. Lililobaki lilikuwa sanduku. Amplifaya ya namna hiyo haikai wazi. Nyaya zake huokota muungurumo wa umeme uliotapakaa nyumba nzima, na kinachouzuia ni chuma kilichofungwa vizuri, chenye waya wa ethi unaoshuka ardhini.

Yule mama akanitolea sanduku la kijani la chuma kizito, lenye mfuniko wa kubana. Lilikuwa sanduku la risasi za jeshi, tupu. Kwetu mpakani hilo si ajabu. Fundi baiskeli huweka spana zake humo, na muuza samaki chumvi yake.

"Kamata hii, mwana yangu," alisema. "Iko nguvu. Vita ilituletea mambo mingi, ni hii tu iko na faida."

Nilitoboa matundu ya valvu kwa keekee ya mkono na kuyasawazisha kwa tupa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Transfoma iliingia kana kwamba ilipimiwa humo. Nilimwazima baba kaseti, nikaunga spika ya dukani. Nilipowasha, valvu zikawa nyekundu, na mama akaanzisha ubeti. Hapakuwa na muungurumo hata chembe. Jirani yangu muuza vitenge aliyemfahamu mama aliacha mteja wake akaja kusimama mlangoni. Nilifurahi siku ile, sitasema uongo. Kisha nikalipaka sanduku rangi nyeupe, ile ya madirisha, ili kitu cha mama kisifanane na vita.

Rangi ilikuwa imekauka dada yangu aliponipigia simu kutoka Kasese kwamba hali ya baba ni mbaya. Nikapanda bodaboda, sanduku mapajani. Kaseti na redio ndogo vilikuwa mkobani, na spika nyingine ilikuwa huko huko kwa baba. Mwaka ule barabara ilijaa vizuizi. Watu walikuwa wamekufa kwenye mapigano, na kila askari alikuwa ameweka woga wake kwenye kidole.

"Wewe mama, teremka!" askari mmoja akatusimamisha. "Nini iko ndani?"

"Amplifaya, afande. Ya redio. Napelekea mzee, iko mgonjwa."

Askari akakwangua kwa ukucha. Kijani kikatokea. Akachukua kisu, akakwangua zaidi, na herufi za jeshi zikatokea nazo.

"Kwa nini wewe napaka rangi? Naficha nini?"

Ningeliacha kijani, pengine angeniona fundi kama mafundi wote. Weupe ndio ulionifanya mwizi. Nikakalishwa chini juani mpaka mkubwa wao akaja. Akafungua mfuniko, akazitazama valvu, akacheka.

"Hii ni redio ya zamani. Babu yangu alikuwa nayo."

Nikamshukuru Mungu, mapema mno.

"Kitu ni yako," akaendelea. "Lakini boksi ni ya serikali. Toa kitu yako, boksi inabaki."

Nikamwomba. Nikamweleza habari za ethi, za muungurumo, za baba.

"Afande, bila boksi inalia."

"Wacha ilie."

Mwenye nguvu mpishe. Nilifungua skrubu moja moja juu ya changarawe, nikakata nyaya nilizozilehemu mwenyewe. Yule mkubwa akainama akanishikia transfoma, kwa upole kabisa, na upole huo ulinikera kuliko kisu. Vyote vikaingia kwenye gunia la mwenye bodaboda.

Nilimkuta baba amelala chali, macho wazi. Nikaiunga upya amplifaya juu ya kibao cha mama cha kukatia nyama, dada akinishikia nyaya. Nilipowasha, muungurumo ukajaa chumba. Nikazifunga nyaya kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, nikafunika na sufuria. Ukapungua kidogo, ukarudi. Lakini ndani yake mama alikuwepo. Dada alimsikia, akajifunika uso kwa kitenge. Nikaisogeza spika karibu na sikio la baba.

Uso wake ukafunguka. Sikuwahi kuuona hivyo tangu tumzike mama.

"Amesikia," dada akasema.

"Kompresa," baba akasema. "Kompresa inafanya kazi. Wamewasha."

Ndipo nikaelewa habari ya malori. Mgodi ulikuwa umemnyang'anya sauti nyembamba na kumwachia nzito. Malori aliyasikia, sisi hakutusikia, na mama alikuwa anaimba katikati ya muungurumo, baba akisikia muungurumo tu. Mpaka leo sijui kama lile sanduku lingemletea mama, au lingemletea kimya. Dada alinionyesha kwa mkono nizime. Nilishindwa kuzima, kwa sababu baba alikuwa anatabasamu.

"Mwambie mama yako asiningoje kula," alisema. "Nashuka chini."

Kwenye spika mama alikuwa anaanzisha ubeti mwingine. Nikamjibu baba kwamba nitamwambia, lakini hata hilo hakulisikia.